Vifungo vya Matundu Matano

Fundi Pindo hakujua kukaa. Watu wengine wakikaa wanakaa. Yeye akikaa, mguu wa kulia unabaki kazini. Miaka thelathini ya kukanyaga cherehani ilikuwa imemwingia kwenye mifupa, hata akiwa mezani, hata akiwa msibani, mguu chini ya gauni unaendelea kushona kitu ambacho hakipo. Mama mkwe wake, mwanamke mwenye ulimi usiojua breki, alimwambia siku moja, "Wewe ukifa tukuzike na cherehani yako, la sivyo utapiga mateke jeneza mpaka wachimba kaburi wakimbie."

Jina lenyewe alilipata kiwandani. Kulikuwa na kiwanda cha mashati pale mtaani, ukumbi mmoja mrefu wenye cherehani arobaini, na kila mtu na kipande chake: huyu kola, yule mfuko, yule mkono. Yeye alipewa pindo la chini. Miaka kumi na tisa alipinda mashati ambayo hakuwahi kuyaona yamekamilika. Halafu kiwanda kikafungwa, wenye mali wakaondoka zao, na mafao ya wafanyakazi yakalipwa nusu kwa hela na nusu kwa makorokoro. Yeye akaangukia cherehani moja kuukuu na gunia la vifungo vilivyokataliwa.

Na vilikataliwa kwa haki, tusiwaonee. Mashine ya kutoboa iliharibika siku mbili bila mtu kugundua, ikatoa vifungo vya bluu vyenye matundu matano badala ya manne. Jaribu kukishona uone: uzi unakwenda, unarudi, tundu moja linabaki limekukodolea jicho. Hakuna duka lililovitaka. Akalisukuma gunia chini ya kitanda, akasahau.

Sasa huo mtaa baada ya kiwanda kufungwa, ungeuona ungecheka huku unalia. Watu wote wana mikono, hakuna mwenye hela. Bomba la Fundi Pindo linavuja. Fundi Bomba, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo ya mabomba, suruali imemchanika makalioni. Nyumba zao zimeachana milango mitatu tu, na kila mmoja anasubiri apate hela ndipo amwite mwenzake! Kinyozi naye kutwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo. Aliyewashtua ni Mwalimu, mzee mstaafu wa hesabu, ambaye tangu astaafu alikuwa hana wa kumgombeza.

"Hivi hela ikipotea, na ujuzi nao umepotea?" alifoka siku moja dukani kwa Fundi Pindo. "Chungu kimejaa, na sisi tunalia njaa kwa sababu hatuna kijiko!"

"Basi tutafute kijiko," alisema Fundi Pindo, akakumbuka gunia.

Masharti yalikuwa mepesi. Anayejiunga anapewa vifungo vitano kutoka kwenye gunia. Kifungo kimoja ni nusu siku ya kazi, iwe kazi gani. Vikikuishia, fanyia watu kazi upate vingine. Na hakuna mkono wa mtu kuingia guniani, isipokuwa kumtolea mwanachama mpya vitano vyake. Gunia likae kwa Fundi Pindo, kwa sababu ni lake, na kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba yeye ndiye fundi pekee anayekurudishia hata vipande vya kitambaa vilivyobaki.

Fundi Bomba alinuna wiki nzima. "Nusu siku yangu mimi iwe sawa na nusu siku ya Dobi? Mimi nina cheti!"

"Basi kifue cheti chako mwenyewe," alimjibu Dobi, mwanamke mpana wa mabega aliyewahi kufanya kazi kiwandani pia. Mwalimu ndiye aliyemnyamazisha Fundi Bomba. Alimwambia nusu siku ya mtu ni nusu siku ya uhai wake, haya na atoe sababu kwa nini uhai wa Dobi uuzwe rahisi. Fundi Bomba aliitafuta hiyo sababu, hakuipata, akachukua vifungo vyake vitano.

Ikaenda, tena ikaenda vizuri. Mabomba yakaacha kuvuja, suruali zikashonwa, vichwa vikanyolewa. Nesi mmoja aliyestaafu akaanza kupima watu presha, na waliozoea kusubiri mpaka waanguke ndipo wakimbizwe hospitali wakawa wanapimwa wangali wamesimama. Na utani haukukosekana. Kinyozi alipenda kuwaambia wapita njia, "Mimi hapa nina vifungo vinane, na bado niko huru!" Wageni wanashtuka, wenyeji wanacheka. Utani ule ulichuja ndani ya mwezi lakini Kinyozi hakuuacha, maana ndiyo tabia yake.

Kisha mama mkwe akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, ulimi ukabaki mzima, kama vile ugonjwa wenyewe uliuogopa. Mume wa Fundi Pindo alikuwa amekufa zamani. Watu walimshauri ampeleke yule kikongwe kwa wanawe wa kuzaa; akakataa. Ampeleke mama gani? Huyu huyu aliyemkanda alipojifungua? Akamlaza chumba cha nyuma ya duka, akawa anashona mshono mmoja, anakwenda kumgeuza, anarudi kushona mwingine. Haikufaa kitu. Mgongoni kikachimbika kidonda, kipana kama kifuniko cha chupa, na nesi akasema wazi kwamba bila mikono ya pili kidonda kile kitakwenda mpaka kwenye mfupa.

Mikono ya pili ilikuwa ya Dobi. Jumanne na Ijumaa alikuja, akamgeuza, akamwosha, akambadilishia shuka, na kidonda kikaanza kufunga. Lakini Fundi Pindo naye, kwa kushona nusu na kuuguza nusu, hakuwa akipata vifungo vya kutosha, na vichache alivyopata vilikwenda kwa nesi aliyefunga kidonda. Vikaisha. Ikafika Jumanne moja, asubuhi kweupe, Dobi yuko ndani anakunja mashuka, na mwenye nyumba hana kitu.

Angeweza kusema. Maneno yenyewe ni machache: "Mwenzangu, leo sina." Lakini mdomo ukamwia mzito. Yeye ndiye mwenye gunia! Mtaa mzima umepokea kutoka mkononi mwake, leo ndiye awe wa kwanza kunyoosha mkono? Aliinama chini ya kitanda, akatia mkono guniani, akatoa kimoja. Dobi akakipokea, akaaga, akaenda. Ijumaa akatia mkono tena. Wiki sita, mara kumi na mbili.

Na amani ikamtoka. Kila kifungo cha bluu alichokutana nacho alikiona kama ni kimojawapo. Kinyozi akilipia shati, anakigeuza kifungo, anakitazama, kana kwamba vile vya wizi vilikuwa na tundu la sita. Alianza kushonea watu bure kimyakimya ili kufidia, halafu akikumbuka ana kikongwe ndani anakasirika na kufumua alichokishona. Jumatatu moja alichota cha Dobi mapema, moyo ukamsuta, akakirudisha guniani. Kesho yake asubuhi amekichota tena. Watu wakisimama wawili barabarani wakicheka, anadhani wanamcheka yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata, sawa, lakini hii kata ilikuwa haipati usingizi.

Sasa sikia mambo ya Kinyozi. Fundi Pindo alikuwa na binti, mtoto wake wa mwisho, nyumbani walimwita Kitinda. Alikuwa karani wa ghala mji mwingine wa mbali, na alikuwa ameondoka kabla vifungo havijaanza. Alituma hela mara moja moja na kuja hakuja, kazi, kazi, kila siku kazi. Ijumaa moja simu ya mama yake haikupokewa, akampigia Kinyozi kuuliza hali.

"Mama yako?" Kinyozi alisema. Alikuwa amesikia kwa Dobi jinsi Fundi Pindo asivyobana mkono, akataka kumsifia kwa mwanawe. "Mama yako si mtu wa mchezo! Vifungo kumi na viwili ndani ya wiki sita! Mtaa mzima hakuna aliyemfikia!"

Na hapo hapo simu ikamzimikia. Chaji.

Jamani, hebu jiweke kwenye nafasi ya yule msichana. Vifungo kumi na viwili! Alimpigia tena na tena, hapatikani. Alizunguka ghala zima akikopa kwa wenzake hela ya dhamana, akapanda basi la kwanza alfajiri, akafika Jumamosi saa nne asubuhi, akaingia dukani roho juu. Fundi Pindo alikuwa anapima kiuno cha Fundi Bomba.

"Mama!" Kitinda alilia. "Vifungo kumi na viwili! Umefanya nini, Mama?"

Futi ya kupimia ikamdondoka Fundi Pindo mkononi. Yametimia, alijisemea, hadi mwanangu huko aliko amejua. Na yale yote yaliyokuwa yamebanwa wiki sita yakatoka kwa mkupuo: gunia, Jumanne, Ijumaa, kidonda cha mama, mkono wake mwenyewe mara kumi na mbili, nimeiba mwanangu, nimewaibia majirani, nihukumuni tu nipumzike. Alimwaga mtama penye kuku wengi, maana mlangoni walikuwa wameshasimama wateja wawili.

Kitinda alimtazama mama yake, akatazama mashine, akatazama dirisha ambalo halikuwa na nondo za jela.

"Vifungo… vya shati?" aliuliza.

"Kwani wewe umeambiwa vipi?"

"Nimeambiwa umefungwa!"

Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Fundi Bomba alichukua suruali yake ingali na pini, akatoka bila kuaga. Kitinda akakaa kwenye kibao cha wateja, akafungua mkoba, akamwonyesha mama yake burungutu la hela ya dhamana. Fundi Pindo alilitazama, machozi yanamtiririka, akasema neno ambalo binti yake hakulisahau: "Kumbe ningefungwa mapema, ungekuja."

Kabla ya adhuhuri hadithi ilikuwa imezunguka milango yote. Saa kumi wakakutana uani kwa Mwalimu. Kinyozi aliomba radhi kwa kila mtu, hata kwa mbuzi wa jirani, na hakuna aliyemsikiliza. Fundi Pindo alisimama katikati na gunia miguuni, akarudia yote, safari hii taratibu.

"Mwizi ni mwizi," alisema Fundi Bomba. "Tulimwamini kuliko hela ya serikali."

"Ndiyo," alisema Fundi Pindo.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Mwalimu. Sauti yake haikuwa ya kugombeza, na hiyo ilimuuma zaidi.

"Mwenye gunia anaombaje, Mwalimu?"

Nesi akasema kosa ni kosa, lakini na wao wajiulize: mtu aliyekuwa anamgeuza mgonjwa kutwa kucha ameonekana hana kazi, kwa sababu tu kazi yake iko ndani ya nyumba yake. Kubisha kukawa kwingi. Wengine wakasema kumuuguza mkwe ni wajibu, wengine wakasema wajibu nao unachosha mgongo. Mwishowe wakakubaliana hivi: mwenye kuuguza nyumbani apewe vifungo waziwazi, mbele ya watu. Gunia lihamie kwa Mwalimu. Na Fundi Pindo atawashonea watu nusu siku kumi na mbili bila malipo. Alikubali kabla hawajamaliza kusema. Aibu ilimchoma, lakini chini ya aibu kulikuwa na nafuu, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Kisha Mwalimu akamgeukia Dobi, aliyekaa muda wote karibu na mlango. "Wewe ndiwe uliyelipwa kwa vifungo hivyo. Unasemaje?"

Dobi aliinuka, akatoa kwenye upindo wa sketi yake vifungo viwili vilivyokuwa vimembakia, akaviweka chini mbele ya Fundi Pindo, akaondoka.

Jumapili Kitinda alimgeuza bibi yake, akamkanda miguu, akamsikiliza akitukana magonjwa yote kwa majina. Kabla ya kupanda basi alitaka kuacha lile burungutu. "Ajiri mtu, Mama. Acha haya mambo ya vifungo."

"Hiyo itakwenda mwezi mmoja. Na hela yenyewe ni ya wenzako, karudishe."

"Na mimi nisiulizwe?" kikongwe alidakia kutoka kitandani. "Nigeuzwe na mtu nisiyemjua, kama mkate?"

Kitinda aliondoka akiahidi kurudi mwisho wa mwezi, na safari hii uso wake ulionyesha atarudi. Jumatatu ikapita. Jumanne, saa mbili, Dobi hakutokea. Saa tatu, hakutokea. Fundi Pindo alikwenda mlangoni mara tisa. Alimgeuza mama mkwe peke yake, akateleza, kikongwe akaangukia upande mbaya, akauma meno. Bandeji ilikuwa na damu mbichi.

"Nenda ukamwombe," alisema mama mkwe.

"Nitampelekea nini, Mama? Vifungo vya wanaouguza vinaanza kugawiwa Jumamosi."

"Nimesema umwombe. Sikusema umlipe. Au neno hilo halimo mdomoni mwako? Na kwa taarifa yako, vifungo kumi na viwili kwa mtu mzito kama mimi ni vichache. Mlinipunja."

Akaenda. Njiani alipanga maneno, akayapangua, akarudi nyuma hatua kumi, akaenda tena. Dobi alikuwa uani kwake, mikono imezama kwenye beseni.

"Hodi."

"Karibu," alisema Dobi, kwa sauti ya kumkaribisha mtoza ushuru.

Maneno yote yakamkimbia. Likabaki moja. "Naomba," alisema Fundi Pindo, na akasikia jinsi lilivyotoka kwa shida. "Naomba uje unisaidie na Mama. Kidonda kimeanza kurudi. Sina kifungo, sina hela. Naomba tu."

Dobi alivuta shuka kutoka kwenye maji, akamrushia ncha moja. "Shika." Wakakamua, mmoja akipindia kulia na mwingine kushoto, maji yakiwamwagikia miguuni.

"Unajua kilichoniudhi?" Dobi aliuliza.

"Vifungo vya wizi."

"Wapi! Vile nimeshavitumia. Mwanangu kanyolewa navyo, na nywele zimeshaota tena." Akakaza shuka mpaka likalia. "Miaka yote kiwandani tumekula sahani moja, mimi na wewe. Nilikuwa nikija kwako sibishi hodi. Ulipoanza kunilipa, nikawa naingia, nageuza, natoka, na wewe unaninyooshea kifungo mlangoni kana kwamba unanifukuza. Wiki sita! Hata chai, mwenzangu? Hata maji ya kunywa? Nikajiambia, ahaa, kumbe sasa mimi ni kibarua. Halafu nasikia mbele ya watu kwamba ulikuwa unaiba ili tu usiniombe."

Fundi Pindo alifungua mdomo kukana. Alijaribu kukumbuka hata kikombe kimoja katika wiki zile sita, hakikuwepo, na hakuwa ameona kwamba hakikuwepo. Akaanza kulia, ncha ya shuka ingali mkononi.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Usililie shuka la watu, nimeshalisuuza." Dobi akalipokea, akalitupia kambani. "Tangulia. Nikimaliza beseni hili nakuja. Na umwambie mama mkwe wako nakuja kumsalimia."

Fundi Pindo alirudi mbio, mwanamke mzima, ndala mkononi. Alipitia dukani bila kugusa mashine, akaingia chumba cha nyuma, akaweka maji jikoni, akaanza kutafuta sukari.

"Vipi?" aliuliza mama mkwe. "Anakuja?"

"Anakuja."

"Kwa vingapi?"

"Anakuja kukusalimia, Mama."

Mkono mzima wa kikongwe ukapanda taratibu mpaka kichwani, ukapapasa mvi zilizosimama huku na huko.

"Basi nifunge kitambaa," alisema. "Mgeni asinikute kichwa wazi."